Watoto na gemu, sehemu ya 3: Zamani gemu ilikuwa inaisha

Mama zangu, wengi mmeuliza mbona sisi tulicheza gemu na tukalala, lakini wanetu hawalali? Tuangalie historia.

Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine ya Pong kwenye baa moja mjini Sunnyvale, California. Ili ucheze, unatumbukiza sarafu ya senti 25. Siku chache tu mashine ikagoma. Fundi wao, Al Alcorn, alipoifungua akakuta kisanduku kimefurika sarafu! Lakini zako zikiisha, unaenda nyumbani. Game Boy ya mwaka 1989 ilitumia betri 4, zikifa, basi. Na ile ya nyoka kwenye Nokia, iliyoanza 1997, nyoka akijing'ata umekwisha. (Nani hapa hakupokonywa simu na baba yake kwa sababu ya huyo nyoka?)

Gemu nyingi za simu sasa ni bure kupakua. Pesa inapatikana mtoto akiwa ndani anacheza, kwa hiyo mtengenezaji hataki atoke. Hatua mpya zinaongezwa, zawadi ni kila siku, na akiiacha, simu inalia kumwita. Jamani, atachoka saa ngapi?

Uraibu wa gemu umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Ila usimbandike mtoto jina hilo haraka: ni pale anaposhindwa kujizuia, anaacha mambo mengine na anaendelea ingawa anaumia, kwa kawaida miezi 12.

Kwangu simu zote zinalala chumbani kwangu saa 2 usiku. Kesho, macho.