Kakapel na Kuta Zilizorudi Udongoni

Foleni ya malori Malaba ikirefuka kuelekea Amagoro, madereva hushuka wakanyoosha miguu, wakanywa chai, wakaulizana habari za forodha. Wengi wao huenda miaka na miaka kwenye barabara hiyo bila kuambiwa kwamba humo humo Teso Kaskazini, kwenye vilima vya Chelelemuk, kuna mahali ambapo watu wamekuwa wakipiga kambi, wakipika na kuzika wafu wao tangu miaka 9,000 iliyopita.

Mahali hapo ni Kakapel. Usitarajie kukuta nyumba. Utakuta jabali kubwa lililoinama mbele likafanya paa, na chini yake kivuli kikavu cha kuwatosha watu wa kaya chache. Juu ya uso wa jabali pana michoro, mipya ikiwa imepakwa juu ya mikongwe: miviringo iliyomo ndani ya miviringo, kwa rangi nyekundu na nyeupe, kisha ng'ombe wa pembe ndefu wasio na nundu. Waliochora ng'ombe hawakufuta ya wenzao waliowatangulia. Serikali ya Kenya ilipatangaza kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa mwaka 2004, na Makavazi ya Taifa ndiyo yanayopatunza.

Kwangu mimi, hazina kubwa zaidi imo kwenye vumbi la chini. Watafiti walichimba hapo, wakatia udongo majini na kuukoroga. Mchanga ukazama, mbegu zilizoungua zikaelea. Mbegu iliyoungulia jikoni haiozi. Kwa njia hiyo mapishi ya watu wasioacha maandishi yalipatikana punje kwa punje, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Kunde za Kakapel zina umri wa miaka 2,300 hivi, na ndizo kunde za shambani kongwe kuliko zote zilizopata kuonekana Afrika Mashariki. Mtama na wimbi vilikuwa vimeshafika angalau miaka 1,000 iliyopita. Hata njegere ilionekana, jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Wimbi ni lile lile ambalo Wateso hulichachusha wakapata pombe ya ajono, wakakizunguka chungu na kuinywa kwa mirija mirefu.

Wazikwa nao wametoa ushahidi. Mwaka 2020 ilitolewa taarifa ya vinasaba vya watu watatu wa Kakapel. Wa kwanza, aliyeishi yapata miaka 3,900 iliyopita, alikuwa wa nasaba ya wawindaji. Wawili waliofuata, wa miaka 900 na miaka 300 iliyopita, wana damu ya watu wa upande wa Nile. Jabali ni lile lile, lakini wenyeji wamebadilika. Anayetafuta kabila moja la kulimilikisha kilima hiki tangu mwanzo hatalipata.

Katika enzi za yule mtu wa Kakapel wa miaka 900 iliyopita, Italia ya mbali ilikuwa ikijaa vijiji vya vilimani vyenye kuta. Kimojawapo, Monteriggioni, kilijengwa na watu wa Siena kuanzia mwaka 1213 ili kuwazuia maadui wao wa Florence, kwa ukuta wa mawe wenye minara 14. Ukuta huo ungali umesimama, na wageni hulipa ili kuupanda.

Huku kwetu nako watu walijenga kuta, ila kwa udongo. Wabukusu, walio miongoni mwa Waluyia, waliita boma la namna hiyo lukoba. Yakiwa mengi, chingoba. Koo kadhaa ziliishi pamoja nyuma ya ukuta na handaki, chini ya mzee aitwaye omukasa, kwa kuogopa mashambulizi ya Wamasai na ya Wateso waliokuwa wakisonga mbele katika karne ya 19. Walikaa hivyo kwenye vilima vya Mwalie, upande wa Malakisi. Msafiri Joseph Thomson alipopita nchi za Waluyia mwaka 1883, vijiji vya kuta na mahandaki vilikuwa jambo la kawaida.

Miaka 12 baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1895 Waingereza, pamoja na wapiganaji wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, waliipiga ngome ya Wabukusu ya Lumboka, kisha ya Chetambe, kilimani karibu na Webuye ya leo. Ukuta uliozuia mikuki haukuzuia risasi. Mwaka 1902 nchi hii yote, iliyokuwa jimbo la mashariki la Uganda, ilihamishiwa upande unaoitwa Kenya leo, na mpaka ukapitishwa kwenye mito ya Sio, Malaba na Lwakhakha. Wateso wakajikuta ng'ambo zote mbili.

Vita vilipokoma, watu walitoka mabomani wakatawanyika mashambani, kila kaya na shamba lake. Mvua ikafanya kazi yake juu ya kuta. Handaki hudumu zaidi kuliko ukuta, lakini jembe la ng'ombe hulifukia kidogo kidogo kila msimu, na trekta hulimaliza kwa siku moja. Kakapel ina uzio na mlinzi. Chingoba nyingi hazina hata kibao, na wanaoweza kumwonyesha mgeni lango lilipokuwa ni wazee, ambao nao walionyeshwa na babu zao.