Kristo katika Vilima vya Murang'a

Wengi wetu tuliolelewa katika shule ya Jumapili tunazikumbuka zile kadi ndogo zenye picha. Mwalimu alimpa kadi mtoto aliyeweza kusema mstari wa moyo bila kukosea, naye akaenda nayo nyumbani akaibandika ukutani. Bwana Yesu wa kadi zile alikuwa mweupe, mwenye nywele ndefu za rangi ya asali, akichunga kondoo katika malisho ambayo hatujawahi kuyaona kijijini kwetu. Hatukuona ajabu, tulizipenda. Lakini picha hufundisha hata pale mwalimu anaponyamaza. Zile zilitufundisha kwamba Mwokozi alikuwa na kwao, na kwamba kwao si kwetu.

Ninataka kusimulia habari za mtu aliyelijibu fundisho hilo kwa brashi. Alilijibu ndani ya kanisa, katika miaka ambayo nchi iliyolizunguka kanisa hilo ilikuwa na maombolezo.

Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mahali ambapo Injili ilikuwa imehubiriwa tangu siku za wamisionari wa Leipzig. Alipopata elimu ya juu alikwenda Makerere, Uganda. Huko Mwingereza mmoja, mama Margaret Trowell, alikuwa ameanza kufundisha sanaa mwaka 1937. Mama huyu hakupenda wanafunzi wake waige michoro ya Ulaya. Aliwasimulia hadithi, zikiwamo za Biblia, kisha akawaacha wachore kama walivyoziona kwa macho ya moyo. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa London. Sam Ntiro, naye mzaliwa wa Kilimanjaro, alikuwa amepita katika shule hiyo kabla ya Njau. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York. Basi Njau alikuwa mmoja wa kizazi kilichoanza kuamini kwamba maisha ya kwao yanafaa kuchorwa.

Wakati Njau akisoma, Kenya ilikuwa katika moto. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Katika nchi ya Wakikuyu wapiganaji wa Mau Mau waliingia msituni, na watu wengi walilishwa kiapo, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Wakristo wa Uamsho walikikataa. Walisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo katika Meza ya Bwana, hawawezi kunywa damu nyingine. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali, wakabaki mikono mitupu katikati ya pande mbili. Baadhi yao waliuawa.

Lakini hatuwezi kuisimulia habari hii kwa ukweli tukiishia hapo. Serikali ya kikoloni iliwanyonga watu zaidi ya 1,000. Makumi ya maelfu walifungwa katika kambi. Zaidi ya watu 1,000,000 walitolewa katika mashamba yao na kurundikwa katika vijiji vyenye ulinzi. Zilikuwako nyumba ambazo ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine alikuwa askari wa kulinda kijiji. Mama yao aliwalilia wote wawili.

Katika hali hiyo, mwaka 1955, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi la kanisa huko Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati huo. Lilijengwa liwe kumbukumbu ya Wakristo waliokufa kwa ajili ya imani yao, nalo linaitwa kwa jina la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 Njau alipewa kazi ya kuchora picha kubwa kwenye kuta zake.

Tufikirie uzito wa kazi hiyo. Njau alikuwa Mchaga kati ya Wakikuyu, kijana aliyetoka Tanganyika. Kanisa lenyewe lilikuwa la kuwakumbuka waliouawa, na jirani za waliouawa walikuwa hai, na jirani za waliowaua pia. Picha yoyote ya kisasi ingeongeza chumvi kwenye kidonda.

Njau alichora picha tano za maisha ya Bwana: kuzaliwa kwake, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, mateso ya Gethsemane na kusulubiwa. Yesu katika picha hizo ni Mwafrika. Walio pamoja naye ni Waafrika. Nchi inayoonekana ni nchi ile ile ambayo waumini waliiacha mlangoni walipoingia kusali.

Ninaamini hapo ndipo picha zilipolizidi jiwe la msingi. Jiwe liliwekwa kwa ajili ya mashahidi wa upande mmoja. Mwokozi mweusi anayekufa katika nchi ya Wakikuyu hawezi kuwa wa upande mmoja tu. Mjane wa Mkristo aliyeuawa kwa kukataa kiapo aliweza kumtazama na kumwona mumewe. Mama wa kijana aliyenyongwa na serikali naye aliweza kumtazama na kumwona mwanawe. Hakuna hotuba ambayo ingewaweka wanawake hao wawili kwenye benchi moja mwaka ule. Ukuta ungeweza.

Wako wanaouliza, na swali lao ni la haki: je, Yesu hakuwa Myahudi? Alikuwa, na tusilisahau hilo kamwe. Alizaliwa Bethlehemu, katika ukoo wa Daudi. Lakini wachoraji wa Italia walimpa sura ya Kiitalia, na wa Ethiopia wakamchora mwenye macho makubwa ya watu wao, wala hakuna aliyedhani wanakana historia. Walikuwa wakikiri kwamba Neno kweli alitwaa mwili, akakaa kati ya watu, na kwamba hakuna watu ambao hawezi kukaa kati yao. Ajabu si kwamba Njau alimchora Yesu Mwafrika. Ajabu ni kwamba tulingoja sana.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, kituo cha sanaa ambacho jina lake linamtaja paa, yule mnyama, na pia kupaa. Mwito wake kwa wasanii vijana ulijulikana sana: msiige, maana kuiga humlaza Mungu usingizi. Mwaka 1997 moto uliteketeza kituo hicho pamoja na kazi nyingi zilizokuwamo. Njau hakukifunga. Alianza tena.

Msemo ule unatuhusu sisi pia. Tunapojenga kanisa tunachanga kwa ajili ya saruji, mabati na vipaza sauti. Ukuta wa madhabahuni tunaukumbuka mwishoni, kisha tunachapisha picha yoyote iliyopatikana kwenye intaneti, na sura ya Bwana inakuwa ile ile ya kadi zetu za zamani. Hatuulizi kama katika usharika wetu yuko kijana anayechora nyuma ya daftari lake la hesabu. Tunamwambia aache mchezo. Lakini katika Kutoka sura ya 31, Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu kwa kazi ya mikono: kuchonga, kufua dhahabu, kubuni. Musa hakuambiwa aagize vyombo vya hema kutoka Misri.

Ukipita Murang'a, ingia katika kanisa lile. Usiende kuhesabu picha na kuondoka. Keti mahali ambapo mjane angeketi, utazame kwa muda. Kisha, utakaporudi nyumbani, mtafute yule kijana wa daftari la hesabu, umpe ukuta.