Kutoka Mulago hadi Houston: virusi vilivyojificha ndani ya uboho

Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande cha uvimbe kutoka Kampala ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Kichupa kilipomfikia mtafiti Anthony Epstein katika Hospitali ya Middlesex, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angedhani ni bakteria, akamwaga. Epstein aliyatazama kwa hadubini, akaona seli hai zikielea mojamoja. Zilikuwa za mtoto mwenye saratani ambayo Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alikuwa ameielezea mwaka 1958. Februari 1964, hadubini ya elektroni ilionyesha virusi ndani ya seli hizo.

Virusi vikapewa jina la Epstein na msaidizi wake, Yvonne Barr. Bert Achong, mwenzao wa tatu, jina lake likaachwa nje. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani tunavyo, vimelala katika seli B, na seli T za kinga zinavichunga.

Kilichotokea uchungaji huo ulipokosekana kilionekana Houston. David Vetter alizaliwa mwaka 1971 bila kinga, akaishi ndani ya chumba cha plastiki kisichopitisha vijidudu. Oktoba 1983 akatiwa uboho wa dada yake. Haukulingana naye kikamilifu, hivyo madaktari walikuwa wameuondolea seli T ili zisije zikaushambulia mwili wake. Dada alikuwa mzima wa afya. Hakuna aliyejua kwamba virusi vya Epstein-Barr vimo ndani ya uboho wake. Februari 1984 David alitolewa nje kwa matibabu, mama yake akamgusa kwa mara ya kwanza bila glavu. Alifariki siku chache baadaye, akiwa na miaka 12, mwili umejaa uvimbe wa limfoma, saratani ya chembe za kinga.

Kwa maoni yangu, jibu lilikuwa katika kile kilichotupwa. Mwaka 1994, madaktari wa Memorial Sloan-Kettering, New York, waliwarudishia wagonjwa watano wenye limfoma ya aina hiyo chembe nyeupe za damu, zikiwamo seli T, za waliowachangia uboho. Uvimbe uliyeyuka kwa wote, ingawa wawili walikufa kwa matatizo ya mapafu.

Siku hizi, wapandikizwaji walio hatarini hupimwa damu mara kwa mara, virusi vikamatwe kabla ya uvimbe. Na Desemba 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha tabelecleucel: seli T za wachangiaji wengine, zilizofunzwa kuvitambua virusi hivyo, kwa wagonjwa wa limfoma hiyo ambao matibabu ya awali yameshindwa.