Magadi: Kutoka Ziwani hadi Tanurini

Weupe ulio mbele yako hapa Ziwa Magadi si mchanga. Ni trona, madini ya sodiamu ambayo mahali pengine yameganda kwa unene wa makumi ya mita. Chemchemi za moto, nyingine zikizidi nyuzi 80 za Selsiasi, huleta maji ya chumvichumvi kutoka chini ya Bonde la Ufa. Jua la hapa huyakausha, na tabaka jipya hujengeka.

Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, ikafuata reli ya kutoka Konza ili mzigo ufike Mombasa. Trona huchimbwa ziwani, husagwa na kuoshwa, kisha huingia tanurini. Humo ndimo kazi yenyewe ilipo: joto hufukuza maji na hewa ya kaboni dioksidi, na kinachobaki ni magadi makavu, besi inayohitajika katika viwanda vya vioo na sabuni.

Nchi nyingi hazina ziwa la namna hii. Ili kupata magadi makavu, hutegemea njia ya Mbelgiji Ernest Solvay, ya miaka ya 1860, inayotumia chumvi ya kawaida, mawe ya chokaa na amonia, na inayokula nishati nyingi. Hapa Magadi, sehemu ngumu zaidi ya kazi hiyo ilikwisha kufanywa na ardhi.