Barabara ya Mombasa: Safari inayowafunza watoto historia

Familia nyingi husafiri kutoka Nairobi hadi Mombasa usiku, watoto wakiwa usingizini na dereva mchovu akipishana na malori gizani. Mbali na hatari hiyo, wao hupitwa na mengi katika takriban kilomita 480 za barabara hiyo. Heri kuondoka alfajiri na kuigawa safari kwa siku mbili.

Mtito Andei, karibu katikati ya njia, pana lango la mbuga ya Tsavo Magharibi. Humo mna chemchemi za Mzima, ambako maji ya mvua kutoka vilima vya Chyulu hububujika baada ya kuchujwa na miamba ya volkano. Sehemu ya maji hayo hupelekwa Mombasa kwa bomba. Wageni hutembea kwa miguu hapo, lakini watoto wasikaribie ukingo kwani mna viboko na mamba.

Wakirejea barabara kuu, wasafiri huvuka Mto Tsavo. Hapo, mwaka wa 1898, simba wawili waliwaua wafanyakazi wa reli, Wahindi na Waafrika, hata ujenzi wa daraja ukasimama kwa muda. Simba hao waliuawa Desemba mwaka huo, na sasa wamehifadhiwa katika makavazi jijini Chicago, Marekani.

Baada ya kulala Voi, safari hukamilika Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, nao Waarabu wa Oman wakaiteka mwaka wa 1698. Mtoto aliyeyaona hayo mchana hatayasahau darasani.