Mkopo wa Matumizi na Fikra za Watu juu ya Tofauti ya Mali

Mkopo wa matumizi ni fedha au bidhaa apewayo mtu kwa ahadi ya kulipa baadaye, si kwa ajili ya biashara bali kwa chakula, mavazi, karo na haja nyinginezo za nyumbani. Tangu zamani mwenye duka alimwandikia jirani yake deni katika daftari, akimjua yeye na wazazi wake. Lakini nchini Kenya, tangu huduma ya mikopo ya simu iitwayo M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012, daftari hilo limehamia katika simu, na mtu asiye na dhamana yoyote aweza kukopa usiku wa manane, kwa ada ambayo mwanzoni ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, yaani, mkopo ukirudiwa kila mwezi, asilimia 90 kwa mwaka.

Mchumi Raghuram Rajan, katika kitabu chake Fault Lines cha mwaka 2010, alitoa hoja kwamba huko Marekani wepesi wa kukopa uliwatuliza watu ambao mishahara yao haikupanda. Lakini nchini Kenya, kwa rai yetu, deni limeyazidisha manung'uniko juu ya tofauti ya mali: katika uchaguzi wa mwaka 2022 mgombea urais William Ruto aliwaahidi wachochole, walioitwa mahasla, mikopo nafuu, na tarehe 30 Novemba akazindua Hazina ya Hustler, yenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka na mkopo unaoanzia shilingi 500, kiasi cha unga na mafuta ya kupikia ya siku chache tu.