Ubani

Ubani ni utomvu uliokauka wa miti ya jenasi Boswellia, inayoota katika maeneo makame ya Omani, Yemeni, Somalia, Ethiopia, India na kaskazini mwa Kenya. Jina limetokana na neno la Kiarabu luban, lenye mzizi mmoja na neno la maziwa, na kweli unapochuruzika ni mweupe kama maziwa.

Huko Dhofar, kusini mwa Omani, mgemaji hukwangua gome kwa kisu kifupi kiitwacho manqaf. Utomvu wa mkwanguo wa kwanza hauna thamani. Baada ya wiki mbili hivi kidonda hukwanguliwa tena, na machozi yanayoganda safari hii ndiyo yanayoanza kufaa sokoni. Daraja linalosifiwa zaidi ni hojari. Mwaka 2000 UNESCO iliiorodhesha Nchi ya Ubani ya Dhofar kuwa Urithi wa Dunia.

Pwani ya Afrika Mashariki, ubani hutiwa juu ya makaa ndani ya chetezo. Usichanganywe na udi: udi ni wa arusi na nguo za bibi harusi, ubani ni wa maulidi, wa dua, wa msiba na, bila shaka, wa mganga. Tanzania neno lenyewe limevuka moshi. Fedha wanazochangiwa wafiwa huitwa ubani, hata pale ambapo hakuna kaa lililowashwa.

Waomani hawaishii kufukiza. Huloweka vipande safi usiku kucha na kunywa maji yake asubuhi kwa ajili ya tumbo na kikohozi. Wengine huutafuna kusafisha kinywa. Tabibu wa kale Ibn Sina aliutaja miongoni mwa dawa katika kitabu chake, Kanuni ya Tiba.

Maabara zimegundua ndani ya ubani asidi za bosweliki, ambazo hupunguza uvimbe kwa kuzuia kimeng'enya kimoja kinachouchochea. Majaribio ya dondoo la Boswellia serrata ya India yameonyesha nafuu kwa maumivu ya goti, ingawa mengi yalihusisha wagonjwa wachache. Asidi hizo ni nzito, hazipandi na mvuke. Kwa hiyo mafuta ya ubani yaliyokenekwa, yanayouzwa ghali kwa sifa hizohizo, karibu hayana chembe yake.

Mti nao huchoka. Unaogemwa kupita kiasi huzaa mbegu chache zinazoota, na miche michache inayochipua huliwa na mbuzi au kuteketea kwa moto wa nyika.